Swali la Tatu la Daktari

Mjukuu wangu ni muuguzi katika kliniki ya akina mama na watoto hapa Ruiru. Siku moja alipitia kwangu akitoka kazini, akavua viatu mlangoni, akaiacha chai niliyompa mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Guku, leo wamekuja akina mama wawili wenye watoto kama shangazi Kageha. Kila mmoja ameniuliza neno lile lile: mimi nilifanya nini? Nimesoma miaka yote ile, na sikujua la kuwaambia."

Guku ndivyo sisi Wamaragoli tunavyomwita bibi. Nilimwomba aniletee daftari. Ninaandika kwa ajili ya akina mama hao wawili, na wengine watakaokaa kwenye benchi lile baada yao. Mimi si daktari. Siku hizi hali ya Kageha, binti yangu, ina jina, inaitwa usonji, na wapo wanaoijua kunishinda. Ninachojua mimi ni ile miaka tuliyoishi nayo nyumbani ikiwa haina jina.

Naitwa Dorika. Nilikuja Ruiru nikiwa na miaka kumi na tisa, mke mpya wa Zakayo, aliyefanya kazi katika kiwanda cha kahawa kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Gitothua. Tulikaa kambini na wafanyakazi wengine, vyumba vya udongo vilivyopangwa mistari miwili. Chumba chetu kilipakana na cha Nyambura, mama wa Kikuyu aliyenizidi miaka kumi hivi. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mume wake alikuwa amechukuliwa na askari, na yeye mwenyewe hangeweza kwenda hata Thika bila karatasi ya ruhusa. Sisi tuliotoka magharibi tulitembea tulivyotaka. Nyambura hakunichukia kwa hilo. Ndiye aliyenifundisha kuchuma kahawa bila kuvunja matawi, na ndiye aliyejua kwamba nina mimba kabla sijamwambia mtu.

"Dorika," aliniambia siku moja tukiwa mtoni, "hiyo kiuno yako imebadilika. Zakayo anajua?"

"Anajua nini?"

"Ngai! Basi usimwambie leo. Ngoja mpaka ashibe."

Mimba ilishika mwanzo wa mvua ndefu. Ilipofika baridi ya mwezi wa sita, homa ilipita kambini. Watoto waliipata kwanza: vipele vidogo vyekundu usoni, kisha tumboni, na baada ya siku tatu wanacheza tena. Nami ikanipata. Viungo vya vidole viliniuma nikashindwa kushika kikombe. Siku ya nne vipele vilikuwa vimefifia, nikajifunga kikapu kiunoni nikarudi kuchuma. Hakuna aliyeniambia kwamba hilo ni jambo. Nami sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimepona.

Uchungu ulinianza mwezi wa kumi na mbili, mashamba yakiwa mekundu kwa kahawa iliyoiva. Mkunga wa kambi alikaa nami siku nzima na Nyambura akinishika mgongo. Siku ya pili mkunga alinawa mikono akatoka nje, nikamsikia akimwambia Zakayo atafute gari. Nilipelekwa Thika ndani ya lori la kahawa, nimelazwa juu ya magunia matupu, Zakayo akinikinga jua na koti lake.

Nitawaambia ninachokumbuka. Nakumbuka dirisha lenye wavu, na nzi mmoja juu ya wavu huo. Nakumbuka mtoto akitoka, na kisha kimya. Alikuwa na rangi ya zambarau, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Sista alimshika miguu akampiga nyayo, akampiga tena. Sijawahi kutamani kitu maishani kama nilivyotamani sauti wakati ule. Ilipokuja, ilikuwa ndogo kama ya paka aliyefungiwa ndani ya sanduku.

Tulimwita Kageha, jina la bibi yake Zakayo. Nilirudi kambini na mtoto mzuri ajabu, na mguu wa kushoto usioinuka. Mtoto alikuwa amekaa njiani muda mrefu mno, akaubana mshipa fulani. Kila nilipotembea kidole gumba kilikwaruza ardhi, na wanawake walijua ninakuja kabla hawajaniona. Nywele zilinitoka juu ya masikio. Mguu ulirudi polepole, mvua za mwaka uliofuata zilipokuwa zikiisha. Nywele zilirudi baadaye, nyembamba.

Kageha alinyonya vizuri. Alinenepa. Kitu kimoja tu: hakunitazama. Macho yake yalinipita, kama kwamba nyuma yangu kulikuwa na mtu anayempenda zaidi. Nilipombeba alikakamaa kama ubao. Nilipomlaza chini alitulia. Nyambura alikuwa na watoto wanne, na siku moja nilimwona akimpungia Kageha mkono mbele ya uso, mara moja, mara mbili, kisha akaushusha mkono akaendelea kumenya viazi. Hakusema neno. Nilimshukuru, na nilimchukia siku nzima.

Alipotimiza mwaka mmoja na nusu alikuwa na maneno mawili. Alisema "baba", na alisema "mazi", yaani maji kwa lugha yetu. Aliyasema kwa mwezi mmoja hivi. Kisha yakapotea, kama vitu vilivyowekwa mahali na mwenyewe akasahau ni wapi. Nilimshikia kikombe mbele ya uso. "Sema mazi, Kageha. Sema mazi, mama nikupe." Alinishika kifundo cha mkono, akausukuma mkono wangu kuelekea mtungi, kama mtu anayetumia kijiti kuvuta kitu.

Alipenda meza za kuanikia kahawa. Alitembea kwa ncha za vidole mpaka huko, akazamisha mikono ndani ya kahawa kavu, akainua, akaiacha imwagike, tena na tena, akinguruma wimbo usio na maneno. Kengele ya kiwanda ilipolia alijifunika masikio akaanguka chini.

Saa tisa tulikuwa tukirudi kutoka shambani. Watoto wa kambi walijua saa hiyo. Walikuja mbio kwenye njia nyekundu wakipiga kelele, kila mmoja akimwita mama yake, nao akina mama walijua sauti za watoto wao kutoka mbali na kuanza kutabasamu kabla hawajaona sura. Mimi nilipunguza mwendo. Nilijifanya kamba ya kikapu imelegea. Niliwaacha wapite wote na watoto wao, kisha nikaenda kumtafuta wangu. Hamu niliyokuwa nayo ya kuitwa hivyo, hata mara moja tu, hata kwa hasira, sitaweza kuiandika hapa.

Tulijaribu mengi. Tulimtia mafuta masikioni. Watu wa kanisa walikuja kutuombea, Jumapili tatu. Binamu yake Zakayo aliyefanya kazi kwenye mkonge karibu na Thika alituambia kuna mama anayewakata watoto uzi ulio chini ya ulimi ili waseme. Tulimpeleka. Nilimshika mwenyewe kichwa. Alitoka damu mpaka nguo yangu ikalowa, na kwa wiki mbili hakula kitu ila uji wa baridi, na hakusema. Mama unayesoma, ukiambiwa jambo hilo, funga mtoto wako mgongoni uondoke.

Mwishowe tulikwenda hospitali Thika. Kageha alikuwa na miaka mitatu kasoro. Wagonjwa walingoja barazani, kwenye mabenchi marefu; aliye mbele akiingia, wote mnasogea makalio kidogo. Kageha hakuweza kukaa kwenye benchi. Alizunguka, akanguruma, akapiga kichwa ukutani. Watu walisogea, na si kwa sababu foleni ilikuwa inakwenda. Mama mmoja wa Kikamba alikuwa na mtoto aliyeungua maji moto, amempakata kwa uangalifu. Alinitazama, akatoa kifuniko cha mkebe kutoka kapuni, akakisukuma sakafuni kwa mguu. Kageha alikiona. Akakaa chini akaanza kukizungusha, na alikizungusha mpaka tulipoitwa. Sikujua jina la mama yule. Alikuwa na taabu yake, na alinipa kifuniko.

Daktari alikuwa Mzungu aliyechoka, mwenye madoa ya jua mikononi. Dresa, yaani msaidizi wa hospitali, aliyeitwa Josefu alitafsiri. Daktari alipiga kengele ndogo nyuma ya Kageha, asigeuke. Alipiga makofi, asigeuke. Kisha akafungua peremende mfukoni, karatasi ikalia kidogo tu, na Kageha akageuka.

"Daktari anasema masikio ni mazima," Josefu alisema. "Sasa anataka kuuliza maneno matatu. Ya kwanza. Mama, ulipokuwa na mimba uliugua?"

Nilimweleza ile homa ya vipele. Daktari aliandika.

"Ya pili. Kuzaa ilikuwa ngumu?"

Nilimweleza zile siku mbili, na kamba shingoni, na ile rangi. Akaandika kwa muda mrefu. Nilitazama kalamu ikienda na nikahisi kwamba inaniandika mimi.

"Ya tatu ni ya wote wawili. Katika jamaa yenu, upande wa mama ama upande wa baba, kuna mwingine wa namna hii? Asiyesema, asiyetazama watu?"

Nilisema kwetu sijasikia. Zakayo alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Daktari alisema hajui ugonjwa huu. Turudi baada ya mvua, amwone tena. Ndiyo dawa tuliyopewa.

Kwenye basi Zakayo alitazama nje mpaka tulipopita Witeithie. Hapo akasema, "Basi ni ile homa."

Nilikubali. Ningekataaje? Maswali mawili yalikuwa yangu, nami niliyajibu ndiyo. Nilianza kuhesabu kila kitu: siku niliyobeba kikapu kizito, siku niliyolala njaa, siku niliyorudi shambani mapema. Niliacha kula mezani na Zakayo. Nilisema sina njaa. Tuliporudi kwa daktari baada ya mvua, alimpima kimo na uzito, akasema amekua vizuri.

Mwaka uliofuata nikashika mimba ya pili. Niliificha kwa miezi minne. Nilifunga leso juu ya gauni, na nilipopita karibu na mtoto mwenye pua inayotiririka niliziba mdomo nikakimbia. Nyambura aliniona nikikimbia.

"Wewe, unakimbia mtoto?"

"Ninaogopa, Nyambura. Huyu pia akija hivyo, nitafanya nini?"

Aliweka chini mzigo wake wa kuni. "Utamlisha," alisema. "Utafanya nini kingine?"

Kisha ikaja siku ya mfereji. Ilikuwa wakati wa kuchuma, kiwanda kinafanya kazi kutwa, na maji yalikuwa yakipita kwa nguvu kwenye mifereji ya kuoshea kahawa. Nilimwacha Kageha na binti ya jirani. Kufumba na kufumbua ametoweka. Nyambura ndiye aliyemwona kwanza: amesimama ndani ya mfereji, maji yamefika kifuani, anatazama mbegu zinavyozunguka, anacheka. Hatua mbili mbele yake maji yalikuwa yanaingia chini ya gurudumu la mashine. Nyambura aliruka na nguo zake zote.

Jioni ile nyapara alisimama mlangoni kwetu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Zakayo, mkubwa amesema hapa si mahali pa mtoto kama huyu. Mpelekeni kwenu kabla ya mwezi kuisha. Ama mhame nyote."

Zakayo alimwandikia mama yake barua aje kumchukua Kageha, akae naye nyumbani Maragoli. Hakuniuliza. Aliniambia barua ikiwa tayari imeondoka.

"Nyumbani kuna nafasi," alisema. "Huku atakufa."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa na huyu mwingine."

Nilikwenda kwenye meza za kahawa nikakaa karibu na Kageha. Nilizamisha mikono yangu pale alipozamisha yake. Akaisogeza pembeni kwa upole, kama mtu anayeondoa majani.

Mama mkwe alikuja kwa treni. Jina lake Rabeka. Tulikutana naye stesheni ya Ruiru, mwanamke mfupi, peku, kapu la karanga kichwani. Tangu Kageha azaliwe alikuwa amemwona mara moja tu, akiwa mchanga. Wakati ule aliniambia, mbele ya wageni, kwamba katika ukoo wao watoto huzaliwa wakilia. Kwa hiyo nilimwogopa.

Sasa alimtazama Kageha muda mrefu hapo stesheni, asimguse. Tulipofika nyumbani alitandika gunia, akamwaga karanga katika ungo, akaanza kuzichota na kuziacha zianguke. Hakumwita mtoto. Hata hakumtazama. Siku ya kwanza Kageha alisimama mbali. Siku ya pili alikaa ukingoni mwa gunia. Siku ya tatu nilirudi kutoka shambani nikamkuta ameegemea mgongo wa bibi yake, mgongo kwa mgongo, wote wawili wanachota karanga. Mimi hakuwahi kuniegemea namna hiyo. Niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi, nikalia kwa wivu.

Asubuhi ya siku ya nne nilifunga nguo za Kageha katika kitambaa, kwa sababu treni ilikuwa kesho yake. Zakayo alikuwa na zamu ya mchana, yuko nyumbani. Mama mkwe aliligusa furushi kwa mguu.

"Hii ni nini?"

"Ni nguo za Kageha, Mama. Za safari."

"Nani amesema anasafiri?"

Zakayo aliinua kichwa. "Mama, si nilikuandikia..."

"Nilisomewa barua yako. Ndiyo iliyonileta." Aliketi kwenye kigoda akanyoosha miguu. "Mwambie mkeo habari za Kisia."

Sijawahi kumwona Zakayo vile. Alisimama, akaketi tena.

"Mwambie. Au nimwambie mimi?"

Basi mama mkwe akaniambia mwenyewe. Kisia alikuwa mtoto wake wa kwanza, kaka yake Zakayo. Hakusema. Alitembea kwa ncha za vidole, na alipenda kutazama mwanga ukipita kwenye majani ya migomba. Akiwa na mimba yake mama mkwe hakuugua hata siku moja, na alimzaa kwa urahisi, kabla ya jua kupanda, na mtoto alilia vizuri. Watu wa mumewe walisema ni aibu ya boma, na wasichana hawataolewa. Wakamshauri ampeleke kwa shangazi mmoja ng'ambo ya kilima, akae katika kibanda nyuma ya ghala mpaka mavuno yaishe. Alimpeleka mwenyewe, amemshika mkono. Mavuno yakaisha, na kila alipouliza wakamwambia bado. Zakayo, akiwa na miaka minane, ndiye aliyetumwa kumpelekea ndizi. Siku moja akarudi nazo. Kisia alikuwa amezikwa siku tatu zilizopita.

"Nilimwacha pale na hakulia," mama mkwe alisema. "Niligeuka mara mbili. Alikuwa anatazama majani. Nikajiambia, hajui kwamba ninaondoka. Nilijiambia hivyo njia nzima, nipate nguvu ya kutembea. Mpaka leo sijui kama alijua." Alinitazama. "Dorika, nilikusema vibaya ulipojifungua. Nilikuwa nimeona macho ya mtoto, nikayajua. Niliogopa, ndiyo maana nikakusema. Mimi sikuja kumchukua. Nimekuja kumzuia Zakayo asifanye niliyoyafanya."

Zakayo alikuwa amefunika uso kwa mikono. "Tuliambiwa tusimtaje," alisema. "Nilipoulizwa kule Thika, mdomo ulisema wenyewe. Hakuna."

Nilitaka kumpiga. Mwaka mzima nililala na yale majibu yangu mawili kama mawe tumboni, naye alikuwa ameshika la tatu kwenye kofia. Nilifungua mdomo. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, na nikaelewa kwamba simwoni mume wangu, namwona mtoto wa miaka minane anayerudi na ndizi. Nilifungua furushi nikazitundika nguo za Kageha mahali pake.

Mchana ule mama mkwe, Zakayo na Nyambura walikwenda kwa nyapara, na nyapara akawapeleka kwa mkubwa. Mama mkwe hakujua Kiswahili kizuri, lakini walinisimulia alivyosimama: alijipiga kifua, akaonyesha kiwanda, akatikisa kichwa, akaonyesha kambi, akakaa chini kwenye sakafu ya ofisi kuonyesha atakavyokaa. Mkubwa akasema mtoto abaki, mradi asionekane kiwandani. Mama mkwe akabaki pia. Alibaki miaka tisa.

Tulirudi kwa daktari kabla sijajifungua. Josefu alipofika swali la tatu, Zakayo alisimama. Alisema yote, polepole, jina la Kisia na majani ya migomba. Daktari aliandika. Kisha akavua miwani, akasema maneno mengi, na Josefu akatufupishia: "Anasema hajui kama ni homa, ama ni uzazi, ama ni damu ya jamaa, ama ni vyote. Anasema hata wakubwa wake hawajui. Anasema mama hakukosa kitu."

Nilimuuliza kuhusu huyu aliyekuwa tumboni. Josefu hakuhitaji kutafsiri. Daktari alikuwa ameshatikisa kichwa: hajui.

Mjukuu wangu ananiambia siku hizi wanajua kidogo zaidi. Mambo yale matatu bado wanayauliza. Wapo waliopata homa kama yangu na watoto wao ni walimu na madereva. Wapo ambao hawakuugua, wakazaa kwa urahisi, kama mama mkwe wangu. Kwa hiyo mama, utakapoulizwa maswali hayo, yajibu, yatamsaidia daktari. Lakini usirudi nyumbani nayo kama hukumu. Na wewe baba, likija lako, lijibu.

Nitasema haraka yaliyofuata. Nilijifungua mvulana, kwa urahisi. Nilimchungulia macho kila siku. Siku moja, nikimbadilisha nguo, alinitazama moja kwa moja, akacheka. Nililia mpaka akaogopa. Nilimlilia yeye kwa furaha, na niliililia ile miaka mitano niliyotazama macho yasiyonijia. Kageha hakupata maneno tena. Alijifunza kupepeta, kuchota maji, kufunga leso yake mwenyewe. Tulikuwa naye mpaka alipokuwa mama mtu mzima mwenye mvi, akafa kwa kifua, nimemshika mkono. Hakuwahi kuniita mama.

Lakini kuna siku moja nataka kuwapa.

Kwa sababu ya uzazi wa kwanza waliniambia nije Thika mapema, ningoje huko. Nilikaa siku tisa na kujifungua. Sikumuaga Kageha. Nilimwona anachota karanga, nikafikiri hatajua kama nipo au sipo, na sikutaka kuumia kwa kuhakikisha.

Nilirudi mchana, Zakayo amebeba mtoto, mimi natembea polepole. Kageha alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mahali ninapokaa mimi kuosha miguu nikitoka shambani. Alikuwa amekonda. Mama mkwe alitujia njiani, wala hakumtazama mjukuu mpya.

"Siku tisa yuko pale," alisema. "Ikifika saa tisa, wanawake wakirudi, anasimama. Anawatazama miguu, mmoja mmoja, mpaka wanaisha. Kisha anaketi. Hataki chakula ila uji, na ni lazima niumwage kwenye kikombe chako. Nimemwonyesha karanga, amezisukuma." Aliishika leso yake. "Na hakulia, Dorika. Hata mara moja hakulia."

Aliziba mdomo kwa leso, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimsikia huko. Nyambura, aliyekuwa ametupokea njiani, alitaka kumfuata, nikamshika mkono, nikamwambia amwache.

Nilifika mlangoni nikasimama. Kageha hakuinua macho. Aliitazama miguu yangu muda mrefu. Kisha akashika upindo wa gauni langu, akauleta puani, akanusa, akanusa tena, akauachia. Alinyanyuka akaingia ndani, nikamsikia akifunua sufuria. Nilipoingia alikuwa ameketi sakafuni na viazi vya asubuhi mapajani, anakula kwa mikono miwili, na pembeni yake, juu ya jamvi, alikuwa ameacha nafasi.